Kasi Hushuka Kwanza

Saa tisa usiku, Kitangari,
mchezo unapokokotoa mazoezi ya juma,
niko macho, simu kifuani,
bando la mia tano limebaki chembe.
Ukungu wa Juni umelala juu ya bati.
Vijana wangu kumi na wanane wanapanda,
au hawapandi.

Nilianza vibaya, nakiri.
Msimu wa kwanza niligawa alama
kama ubwabwa wa msibani, kila sahani kijiko:
kasi kidogo, pasi kidogo, kichwa kidogo, pumzi kidogo.
Nikapata timu ya watu wema
wasiojua kufanya chochote.
Tukafungwa saba na timu ya mtu wa Liwale
anayejiita Bwana Salfa.

Ni yeye aliyenifumbua macho, kwa ujumbe mmoja:
"Dada, mkorosho hupulizwa maua yakitoka,
si mabibo yakishaanguka."
Nikaelewa.
Nimebeba bomba la salfa mgongoni
kabla sijavunja ungo.

Kijana wa miaka kumi na saba ndiye ua.
Mpe kitu kimoja, usimchanganye.
Winga: kasi, tena kasi, mpaka namba igome,
ndipo umguse krosi.
Kipa usimharakishe; kipa ni mhogo, hukomaa gizani.
Beki afundishwe kusoma mchezo kabla ya misuli,
maana misuli utainunua sokoni
na macho hayauzwi.
Na siku moja kwa juma, wapumzishe.
Aliyechoka hunywa alama
kama mchanga wetu wa juu huku unavyokunywa mvua:
asubuhi hakuna hata dimbwi.

Mchana napima korosho ghala la chama.
Gunia, mzani, stakabadhi.
Hakuna anayeuliza kwa nini macho yangu mekundu.

Lakini kuna namba kumi na moja.
A. Nambute.
Nilimpa jina la kaka yangu Athumani,
ambaye goti lake lilibaki Tandahimba,
fainali ya kombe la mbuzi,
dakika ile sisi wa pembeni tulisikia mlio
tukadhani ni tawi.

Ndani ya simu Nambute ana miaka thelathini na mbili.
Kila Jumatano kasi yake inashuka moja,
kimyakimya, bila kuumia, bila machela.
Kanuni naijua:
muuze akiwa na ishirini na tisa,
fedha yake ilete watoto wawili.
Sikumuuza na ishirini na tisa.
Sikumuuza na thelathini.
Juma hadi juma nammiminia kasi,
nateka maji kwa pakacha.
Bwana Salfa ananicheka:
"Dada, sasa unapuliza kuni."

Jana kaka alikuja kuchaji simu.
Akakuta kioo changu kiko wazi.
Akaketi, mguu mmoja umenyooka kama kawaida yake,
akasoma kwa muda mrefu:
umri, kasi, pumzi,
jina.
Nikajiandaa kwa neno zito.
Nikaanza hata kutafuta la kujitetea.

"Mbona unanikimbiza?" akasema.
"Mtu wa umri huu unampa kasi?
Nirudishe katikati. Nipe pasi.
Na huyu mtoto wa pembeni, huyu Lipande,
mwambie akimbie tu.
Mimi nitamwona."

Tukabishana mpaka chaji ikajaa.
Akataka nimpe na mipira ya adhabu,
nikamwambia asizidishe.

Sasa ni saa tisa na dakika moja.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinaacha.
Nambute, kasi: imeshuka moja.
Nambute, pasi: imepanda, nukta sita.
Namtumia kaka ujumbe
nikijua ataukuta asubuhi.

Simu inatetemeka papo hapo.
"Sita tu?"